Kubali, Kataa au Nyamaza: Ridhaa Yako kwa Vidakuzi vya Tovuti

Mtu anapofungua tovuti ya habari, ya usafiri au ya ununuzi, mara nyingi hukutana kwanza na dirisha dogo linalofunika sehemu ya ukurasa. Dirisha hilo humweleza kuwa tovuti inatumia vidakuzi, na humpa vitufe vya kuchagua. Watumiaji wengi hubofya kitufe kinachong'aa zaidi ili dirisha liondoke. Wengine hulifunga kwa alama ya msalaba iliyo pembeni, na wengine huliacha lilivyo na kuendelea kusoma. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo vitatu kina matokeo yake kisheria, na matokeo hayo hayafanani kila mahali.

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kuwa kunyamaza ni kukubali. Somo hili linaonyesha ni wapi kauli hiyo inasimama mbele ya sheria za faragha, na ni wapi haisimami. Ukilimaliza utaweza:

(a) kueleza kidakuzi ni nini na kwa nini kinaombewa ridhaa;
(b) kutofautisha namna sheria za Ulaya, California, Kenya na Tanzania zinavyouchukulia ukimya wa mtumiaji;
(c) kulisoma dirisha la ridhaa na kulijibu kwa hiari yako;
(d) kuondoa ridhaa uliyokwisha kutoa, na kulalamika pale haki yako inapokiukwa.

1. Kidakuzi ni nini?

Dobi anayepokea nguo za wateja wengi huzitia alama ya uzi au ya wino ili asizichanganye. Kidakuzi, ambacho wengine hukiita kuki, ni alama ya namna hiyo. Ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti huliweka ndani ya kivinjari cha simu au kompyuta yako. Mara nyingi huwa na namba ndefu isiyofanana na ya mtumiaji mwingine. Ukirudi kwenye tovuti ileile, kivinjari huionyesha namba hiyo, na tovuti hukutambua kuwa ndiwe uliyefika jana.

Vidakuzi vya tovuti vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape. Kabla ya hapo tovuti haikuwa na njia nyepesi ya kumkumbuka mteja kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Bidhaa aliyoiweka kwenye kikapu cha ununuzi ingeweza kupotea mara tu alipofungua ukurasa wa malipo. Kidakuzi kiliondoa tatizo hilo, na hadi leo kazi hiyo ya msingi inaendelea.

Inafaa kuondoa dhana mbili zisizo sahihi. Kwanza, kidakuzi si kirusi wala programu inayojiendesha. Pili, chenyewe hakisomi picha zako wala ujumbe wako. Hatari yake haipo katika kile kinachoweza kufanya ndani ya simu. Ipo katika kumbukumbu zinazoweza kukusanywa juu yako nje ya simu, kila mara alama hiyo inaposomwa.

2. Aina za vidakuzi

Ukifungua sehemu ya mipangilio ya dirisha la ridhaa, kwa kawaida utakuta vidakuzi vimegawanywa katika makundi manne.

Vidakuzi vya lazima huiwezesha tovuti kufanya kazi uliyoiomba. Hivi hukuweka ndani ya akaunti yako baada ya kuandika nywila, na hukumbuka bidhaa zilizo kikapuni. Ukivifuta, huduma yenyewe husimama.

Vidakuzi vya mapendeleo hukumbuka lugha uliyoichagua au ukubwa wa herufi.

Vidakuzi vya takwimu huhesabu wageni wa tovuti, kurasa walizofungua na muda waliotumia.

Vidakuzi vya matangazo hufuatilia mambo unayoyatafuta ili uonyeshwe matangazo yanayofanana nayo.

Kuna mgawanyo mwingine ulio muhimu zaidi kwa faragha yako, nao ni wa mwenye kidakuzi. Kidakuzi kinaweza kuwekwa na tovuti uliyoifungua, au na mshirika mwingine ambaye hukumwendea kabisa, kama vile kampuni ya matangazo iliyopewa nafasi katika ukurasa huo. Turudi kwa dobi. Alama anayoitia kwa ajili ya kazi yake haina ubaya. Lakini tuseme alama hiyohiyo inasomwa na fundi cherehani, muuza vitambaa, mwenye hoteli na mwenye duka la dawa, na kila mmoja anamwandikia mtu mmoja asiyejulikana katika daftari moja: leo mwenye alama hii amepita hapa. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na habari za maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuulizwa jina.

3. Kwa nini jambo hili linakuhusu

Chukua mfano wa mtu anayesoma asubuhi ukurasa unaoeleza dalili za ugonjwa fulani. Mchana anatafuta mahali pa kupata mkopo wa haraka, na jioni anaangalia nafasi za kazi. Tovuti hizo tatu hazihusiani. Lakini ikiwa zote zimempa nafasi mshirika mmoja wa matangazo, mshirika huyo anaweza kuunganisha ziara hizo tatu chini ya namba moja, na kupata picha ya mtu mgonjwa, mwenye shida ya fedha na asiye na kazi.

Picha hiyo inaweza kutumika kumletea matangazo ya mikopo wakati hasa anapokuwa dhaifu wa kukataa. Inaweza pia kujitokeza mahali asipotaka. Katika kaya nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa, hivyo matangazo ya dawa za ugonjwa aliousoma mzazi yanaweza kumtokea mtoto anapofanya kazi ya shule. Siri ambayo mzazi hakumwambia mtu imetolewa na alama asiyojua kuwa anayo.

Kwa sababu hiyo sheria za nchi mbalimbali zimeingilia kati. Zote zinakubaliana kuwa mtumiaji ana haki ya kujua na kuchagua. Zinatofautiana katika swali moja: ikiwa mtumiaji hajasema lolote, achukuliwe kuwa amekubali au amekataa?

4. Umoja wa Ulaya: ukimya ni kukataa

Katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya kuna sheria mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni Maelekezo ya Faragha katika Mawasiliano ya Kielektroniki ya mwaka 2002, yaliyorekebishwa mwaka 2009. Maelekezo hayo yanataka mtumiaji atoe ridhaa kabla ya kitu chochote kuhifadhiwa ndani ya kifaa chake au kusomwa kutoka humo, isipokuwa kile kilicho cha lazima kwa huduma aliyoiomba. Ya pili ni Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Taarifa, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Hii ndiyo inayoeleza ridhaa halali ni ipi: itolewe kwa hiari, kwa jambo mahususi, baada ya mtu kuelezwa, na kwa kitendo kilicho wazi. Kanuni hiyo inaongeza kuwa kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kulivyokuwa kuitoa.

Maana ya maneno hayo ilipimwa mahakamani. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Planet49 iliendesha bahati nasibu katika mtandao, na katika fomu yake kisanduku cha kukubali vidakuzi kilikuwa kimetiwa alama ya tiki tayari. Asiyetaka alipaswa kuiondoa mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa tiki iliyowekwa na mwenye tovuti si ridhaa ya mtumiaji. Iliamua pia kuwa mtumiaji aelezwe vidakuzi vitadumu kwa muda gani, na kama kuna wengine watakaoweza kuvisoma.

Swali lililofuata lilihusu ugumu wa kukataa. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza mwezi Januari 2022 kuwa imeitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60. Tovuti za kampuni hizo zilimwezesha mtu kukubali vidakuzi kwa mbofyo mmoja, ilhali kuvikataa kulihitaji mibofyo kadhaa. Mamlaka iliona kuwa njia ndefu ya kukataa humsukuma mtu kukubali, na uhuru wa kuchagua hupotea hapo.

Kwa hiyo, chini ya sheria ya Ulaya, mtu anayelifunga dirisha au anayeendelea kusoma bila kujibu hajakubali chochote. Vidakuzi vya takwimu na matangazo vinavyohitaji ridhaa havipaswi kuwekwa mpaka aseme ndiyo.

5. California: ukimya ni ruhusa, mpaka uzuie

Marekani haina sheria moja ya shirikisho inayolingana na ile ya Ulaya. Majimbo kadhaa yametunga sheria zake, na inayojulikana zaidi ni Sheria ya Faragha ya Watumiaji ya California, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 na kuimarishwa kwa marekebisho yaliyoanza tarehe 1 Januari 2023.

Sheria hiyo inaanza upande wa pili. Biashara inayoguswa na sheria inaweza kukusanya taarifa za mtu mzima kupitia vidakuzi bila kusubiri ridhaa yake, mradi imweleze. Lakini mkazi wa California ana haki ya kuiamuru isiuze taarifa zake wala isizishirikishe kwa wengine kwa ajili ya matangazo yanayomfuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Ndiyo sababu chini ya kurasa za tovuti nyingi za Marekani kuna kiungo chenye maana ya "Usiuze wala usishirikishe taarifa zangu binafsi". Mtu akishakataa, biashara haipaswi kumwomba abadili uamuzi wake kabla ya miezi 12 kupita. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 utaratibu hugeuka: taarifa zake haziuzwi wala hazishirikishwi mpaka ridhaa itolewe, na kwa aliye chini ya miaka 13 ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi.

Sheria ya California inatambua pia kukataa kwa njia ya ishara. Mtumiaji anaweza kuwasha katika kivinjari chake ishara iitwayo Global Privacy Control, nayo huiarifu kila tovuti anayoifungua kuwa hataki taarifa zake ziuzwe. Mwezi Agosti 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 katika shauri lililofunguliwa na Mwanasheria Mkuu wa California. Miongoni mwa madai yaliyokuwemo ni kwamba haikuiheshimu ishara hiyo.

Kwa hiyo mkazi wa California mwenye umri wa utu uzima akinyamaza, kazi ya ukusanyaji huendelea. Haki anayo, lakini haiamki mpaka aiamshe.

6. Kenya na Tanzania

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatekeleza haki ya faragha iliyo katika Ibara ya 31 ya Katiba ya nchi hiyo. Haina sehemu mahususi ya vidakuzi, lakini inamtambua mtu kuwa anaweza kujulikana hata kwa kitambulisho cha mtandaoni, na namba iliyo ndani ya kidakuzi inaweza kuwa kitambulisho cha namna hiyo. Inaieleza ridhaa kuwa ni kauli au kitendo cha wazi, cha hiari na mahususi, kinachofanywa na mtu aliyeelezwa. Mzigo wa kuthibitisha kuwa ridhaa ilitolewa ni wa anayekusanya taarifa, na mhusika anaweza kuiondoa wakati wowote. Katika jambo hili Kenya imesimama karibu na Ulaya: pale ridhaa inapohitajika, kimya hakitoshi kuwa ridhaa. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaweza kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo.

Nchini Tanzania, haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hii nayo haivitungii vidakuzi masharti ya peke yake. Hata hivyo inahesabu kuwa taarifa binafsi namba, alama au kitu kingine cha kumtambulisha mtu alichopewa, na masharti yake manne yanafaa kukumbukwa na kila mtumiaji wa tovuti.

Kwanza, anayekusanya taarifa zako anatakiwa akueleze madhumuni kabla ya kuzikusanya. Kimya chako hakimwondolei wajibu huo. Pili, taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja hazipaswi kugeuzwa kuwa za lengo jingine bila msingi wa kisheria, kwa mfano ridhaa yako. Tatu, taarifa nyeti, zikiwemo za afya, zinahitaji ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotoa msamaha. Nne, una haki ya kumtaka mkusanyaji aache kutumia taarifa zako kwa matangazo ya biashara. Haki hii ya nne inafanana na ile ya California kwa jambo moja: ni lazima uitamke, kwa kumpa mkusanyaji taarifa ya maandishi.

Kwa ufupi, Tanzania imeweka wajibu pande zote mbili. Mwenye tovuti asinyamaze kabla ya kukusanya, na wewe usinyamaze unapotaka matangazo yakome.

7. Ni sheria ipi inayokulinda ukiwa hapa nyumbani?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake hutegemea tovuti ni ya nani na wewe uko wapi.

Ukiwa Tanzania na ukafungua tovuti ya kampuni iliyoanzishwa katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya Ulaya humbana mwenye tovuti katika shughuli zake bila kujali uraia wako wala mahali ulipo. Ukifungua tovuti ya kampuni ya Marekani, sheria ya California haikuhesabu wewe, kwa sababu inawalinda wakazi wa jimbo hilo. Ndiyo maana tovuti moja ya Marekani inaweza kumwonyesha msomaji aliye Paris dirisha lenye kitufe cha kukataa, ikamwonyesha aliye Los Angeles kiungo cha kuzuia uuzaji, na wewe uliye Dodoma ikakuonyesha maneno "ukiendelea kutumia tovuti hii umekubali", au isikuonyeshe kitu. Tovuti hukisia nchi uliyopo kwa anwani ya mtandao wako, kisha huchagua dirisha la kukuletea.

Ukifungua tovuti ya benki, shule, duka au taasisi iliyo Tanzania, sheria yetu ndiyo inayotumika, na Tume ndiyo ya kuiendea. Maneno "ukiendelea umekubali" yasikufunge mdomo. Kuwepo kwa maneno hayo peke yake si uthibitisho kwamba umeelezwa madhumuni.

8. Hatua za kulijibu dirisha la ridhaa

(1) Usibofye kitufe cha kwanza kabla ya kutazama vyote. Kitufe cha kukubali mara nyingi huwa kikubwa na chenye rangi, na cha kukataa huwa cha kijivu au maandishi matupu.

(2) Tafuta kitufe cha kukataa vyote. Kikiwepo, kibofye. Vidakuzi vya lazima vitaendelea kufanya kazi, hivyo huduma haitakatika.

(3) Kisipokuwepo, fungua sehemu ya mipangilio au ya kudhibiti chaguo. Zima swichi za takwimu na matangazo, kisha uhifadhi chaguo lako. Angalia kwa makini, kwa kuwa kitufe cha kukubali vyote hurudiwa tena mwishoni mwa ukurasa huo, mahali ambapo mtu hutarajia kitufe cha kuhifadhi.

(4) Tazama kama kuna orodha iliyoandikwa "maslahi halali". Katika orodha hiyo baadhi ya washirika hudai kuwa wanaweza kutumia taarifa zako bila kukuomba ridhaa. Swichi zake mara nyingi huwa zimewashwa, na unaweza kuzizima.

(5) Ikiwa tovuti inakupa kukubali pekee, amua kama unaihitaji. Ukilazimika kuitumia, ifungue katika dirisha la hali fiche, kisha ulifunge umalizapo. Vidakuzi vilivyowekwa humo hufutika dirisha linapofungwa. Fahamu, hata hivyo, kuwa hali fiche haikufichi mbele ya kampuni ya simu inayokupa intaneti wala mbele ya tovuti yenyewe ukiingia kwa jina lako.

9. Ikiwa ulikwisha kukubali

Kukataa leo hakufuti kilichowekwa jana. Mtu aliyekubali kwa miaka kadhaa anahitaji kufanya mambo matatu.

Kwanza, afungue mipangilio ya kivinjari, aende kwenye sehemu ya faragha na usalama, na azuie vidakuzi vya washirika wengine. Vivinjari vya Safari na Firefox huvizuia au kuvitenga bila kuombwa. Chrome huviruhusu katika matumizi ya kawaida mpaka mtumiaji avizuie.

Pili, afute vidakuzi vilivyopo, katika sehemu ya kufuta data ya kuvinjari. Kabla ya kufanya hivyo ahakikishe anazikumbuka nywila zake, kwa sababu atatolewa katika akaunti zote alizokuwa ameziacha wazi.

Tatu, arudi kwenye tovuti anazozitumia sana na kutafuta, chini ya ukurasa, kiungo cha mipangilio ya vidakuzi au sera ya faragha. Hapo ndipo ridhaa huondolewa kwa tovuti moja moja.

Anayetumia kompyuta ya ofisi, ya maktaba au ya kibanda cha intaneti afanye jambo la nyongeza: atoke katika akaunti zake kabla ya kuondoka. Kidakuzi cha lazima kinachomweka ndani ya akaunti humweka ndani hata baada ya yeye kuinuka kwenye kiti, na anayekaa baada yake hurithi mlango ulio wazi.

Programu za simu nyingi hazitegemei vidakuzi. Hutumia kitambulisho cha matangazo cha simu yenyewe, na hicho huzimwa au kufutwa katika mipangilio ya simu, sehemu ya faragha au ya matangazo.

10. Namna ya kudai haki yako

Anza kwa mwenye tovuti. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha dirisha la ridhaa, tarehe, saa na anwani ya tovuti. Mali bila daftari huisha bila habari, na lalamiko lisilo na kumbukumbu huishia njiani vilevile. Kisha mwandikie kwa maneno kama haya:

"Mimi ni mtumiaji wa tovuti yenu. Tarehe (andika) nilifungua ukurasa (andika anwani), na vidakuzi vya matangazo viliwekwa katika kifaa changu kabla sijaelezwa madhumuni yake. Naomba mnieleze kwa maandishi ni taarifa gani mmekusanya juu yangu, kwa lengo gani, na mmempa nani. Kwa barua hii nawataka pia muache kutumia taarifa zangu binafsi kwa matangazo ya biashara."

Asipojibu, au jibu lake lisiporidhisha, peleka lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na nakala ya barua na picha ulizohifadhi. Kwa tovuti ya Kenya, lalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka ilichunguze na kulimaliza ndani ya siku 90. Kwa tovuti ya kampuni ya Ulaya, hupelekwa kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi ilipo kampuni hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Umefungua tovuti ya gazeti la Ufaransa, dirisha la vidakuzi limetokea, nawe ukaendelea kusoma bila kubofya chochote. Je, umekubali vidakuzi vya matangazo?

2. Ndugu yako anayeishi California hajawahi kugusa kiungo cha kuzuia uuzaji wa taarifa. Je, tovuti inaweza kushirikisha taarifa zake kwa kampuni za matangazo?

3. Duka la mtandaoni la hapa Tanzania limeandika "ukiendelea umekubali", bila kueleza linakusanya nini. Je, limetimiza wajibu wake?

4. Umekataa vidakuzi vyote leo katika tovuti uliyoizoea. Je, vya mwaka jana vimeondoka?

Majibu

1. Hapana. Chini ya sheria ya Ulaya kuendelea kusoma si kitendo cha wazi cha kukubali.

2. Ndiyo, ikiwa ni mtu mzima, ameelezwa, na hajakataa kwa kiungo wala kwa ishara ya kivinjari. Anapokataa, biashara inapaswa kuacha.

3. Hapana. Sheria inataka mhusika aelezwe madhumuni kabla ya taarifa zake kukusanywa. Mwandikie mwenye duka, na asipojibu nenda kwenye Tume.

4. Si lazima. Vifute mwenyewe katika mipangilio ya kivinjari, kisha ujibu upya dirisha litakapotokea.